Gesi ya Ng'ombe na Gesi ya Kisima

Kifuniko cha birika kilianza kugongagonga kabla hakujapambazuka, na hapo ndipo, bila kujua, nilipoanza kuharibu kazi ya halmashauri.

Nilikuwa nawachemshia wageni chai. Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu wa pili, alikuwa nyuma ya jiko langu ndani ya gari lenye mrija mrefu juu ya paa. Kazi yake ni kupima hewa kwa niaba ya halmashauri. Mrija unavuta, mashine inasoma, na kwenye kioo inatokea mistari miwili: mwekundu wa methani, wa bluu wa ethani. Alishanieleza, nami nilishika hivi: ng'ombe na samadi hutoa methani peke yake, lakini gesi ya visima vya mafuta huja na ethani pia. Ukiona mistari yote miwili inapanda pamoja, usimwangalie ng'ombe.

Na wakati huo ng'ombe walikuwa wanaangaliwa sana. Ndege ya wapimaji ilipita ikaona gesi nyingi juu ya mtaa wetu. Mbele yetu kuna visima na matangi ya kampuni ya mafuta. Nyuma yetu kuna zizi la jirani yangu, tunayemwita Baba Ndama. Kampuni ikasema gesi ni ya ng'ombe. Halmashauri ikasema basi ipimwe, na ikiwa kweli ni ya ng'ombe, zizi liondoke. Baba Ndama hana kingine. Mkewe alifariki, watoto wako mbali, amebaki na wale ng'ombe, na kila mmoja amempa jina la shangazi yake.

Kampuni ilimleta mtu wake ashuhudie. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye kofia ngumu nyeupe ambayo hakuivua hata ndani ya gari. Nilimwita Kofia Nyeupe moyoni, baadaye ikanitoka mdomoni, naye akaitika.

Mjukuu wangu alitoa kichwa dirishani. "Bibi! Umewasha nini?"

"Chai. Yako nimepunguza sukari."

"Methani imeruka kama imeona nyoka."

"Na ethani?"

"Imelala."

Kofia Nyeupe alikohoa kidogo. "Methani bila ethani," alisema kwa adabu. "Hiyo ni samadi."

"Samadi gani?" Baba Ndama alidakia. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kando ya ua. "Shangazi zangu hawajaamka hata!"

Mjukuu wangu alishuka na kifaa kidogo cha mkononi, akafuata harufu ambayo sisi wengine hatukuisikia. Alipita ndoo, akapita kuku, akaingia jikoni kwangu. Kifaa kikapiga kelele mbele ya mpira unaoleta gesi kutoka kwenye shimo langu la samadi. Mimi hupikia gesi hiyo. Mpira ulikuwa umechakaa pale unapoungana na jiko.

"Ni wewe, Bibi," alisema.

Katika mtaa mzima, mimi ndiye niliyekamatwa wa kwanza.

"Na samadi yenyewe ni ya nani?" Kofia Nyeupe aliuliza.

Nikasema ukweli. "Ya Baba Ndama. Huniletea kila asubuhi, hajawahi kunidai hata asante."

Baba Ndama alinitazama kama nimemuuza sokoni. "Mama, wema huo ungeuficha."

Nilizima jiko. Nilikaa kwenye kigoda. Chai yangu ilikuwa inaelekea kumfukuzia mtu ng'ombe wake. Nilipoinua macho, Kofia Nyeupe alikuwa amepiga magoti sakafuni kwangu kwa suruali yake safi. Alitoa bisibisi na kibano cha chuma mfukoni, akakata kipande kibovu cha mpira, akaunga upya, akakaza. Kisha akaniomba sabuni, akapaka povu, akaniambia niwashe.

"Povu likivimba, inavuja," alisema. Halikuvimba. "Siku moja ungelipuka, mama."

Hakuna aliyemtuma kufanya vile.

Tulisubiri hewa isafike. Jua lilipotoka, upepo nao ukaamka, ukaanza kuvuma kutoka upande wa matangi, ng'ombe wakiwa nyuma yetu kabisa. Nilikuwa nimesimama na sinia la chai mlangoni mwa gari nilipoiona mistari ikinyanyuka. Mwekundu na wa bluu, bega kwa bega, kama maharusi wanaingia ukumbini.

"Imekuwaje?" Baba Ndama aliuliza. Mjukuu wangu akamgeuzia kioo aone.

Simu ya Kofia Nyeupe ikalia. Aliyepiga alikuwa mkuu wake kazini, na sauti ya mkuu ilikuwa kubwa kuliko simu. "Waambie ni jiko la huyo bibi kizee! Si mmeshalikuta linavuja?"

Kofia Nyeupe alinitazama, akatazama sinia. "Jiko nimelitengeneza mwenyewe, mkuu. Halivuji. Na hapa kuna ethani. Tuma mtu akaangalie tangi letu."

"Wewe uko upande gani?"

"Upande unaopigwa na upepo, mkuu."

Simu ikakatwa. Baadaye wafanyakazi wa kampuni walikuta tangi moja limeachwa wazi juu: mtu alipanda kupima kina cha mafuta, akashuka bila kufunga. Walipofunga, mistari yote miwili ikashuka huku tunaiangalia. Mjukuu wangu na Kofia Nyeupe wakatia sahihi ripoti ya halmashauri. Zizi libaki.

Baba Ndama aliinuka kwenye ndoo yake. Alikwenda, akarudi na jagi la maziwa, akaliweka mbele ya Kofia Nyeupe.

"Haturuhusiwi kupokea zawadi," alisema yule mtu.

"Si zawadi. Ni kielelezo. Kunywa ukichunguze."

Akakichunguza chote, na kikombe cha pili.

Wakati wa kuaga alivua ile kofia. Nywele zake zilikuwa zimelala kama nyasi chini ya jiwe.

"Huenda wiki ijayo nisiwe na kazi, mama," alisema, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

"Basi utakuwa na nafasi," nilimwambia. "Njoo ututembelee tena, mwanangu."