Shukrani Nilizozifuta

Watu wanampenda sana mtu aliyeteseka utotoni, mradi ameshamaliza kuteseka na amekuja amevaa vizuri. Nimealikwa mara mbili kuzungumza mbele ya wasichana, niwaeleze jinsi yatima aliyeachishwa shule alivyokuja kuwa fundi wa mafriji mwenye karakana yake. Mara zote mbili mshereheshaji alinivuta pembeni akaniomba, kama haitakuwa tabu, nitoe machozi kidogo kabla ya mapumziko ya chai. Mara ya kwanza nilijitahidi. Mara ya pili nilimwambia alie yeye, mimi nasubiri chai.

Lakini ninachotaka kusimulia ni kikao cha ukoo. Binamu yangu, binti wa marehemu baba yangu mdogo, alikuwa amefariki wiki tatu nyuma, akaacha mtoto wa kike wa miaka saba. Baba wa mtoto alishaondoka zamani na hakuna aliyejua alipo, wala aliyejisumbua kumtafuta. Ikabidi ukoo ukae uamue mtoto atalelewa na nani. Nasema "uamue" kwa heshima tu. Mtoto alikuwa kwa Shangazi tangu siku ya mazishi, na kikao kilikuwa cha kubariki na kunywa soda.

Shangazi ni dada wa baba zetu. Mimi alinichukua nikiwa na miaka minane, wazazi wangu walipofariki, kwa hiyo nyumba ile naijua, hasa upande wa jikoni, maana ndiko nilikokuwa nalala. Godoro langu lilikunjwa kila asubuhi likasukumwa chini ya meza, na lilipotandikwa kichwa changu kilikuwa karibu na friji. Friji yenyewe Shangazi alikuwa ameita mchomelea vyuma akaitia komeo na kufuli dogo, ufunguo akauvaa shingoni kwenye mkufu. Nilikuwa wa kwanza kuamka na wa mwisho kula, na nilikula nimesimama, kwa kuwa kukaa kungenisahaulisha kazi. Nilipofika miaka kumi na minne niliachishwa shule ili nyumba isibaki bila mtu. Nyumba ilikuwa na watu watano.

Nilitoka pale kwa sababu friji iliharibika. Fundi aliyekuja alikuwa mwanamume mfupi, mwenye haraka, na alitaka mtu wa kumshikia tochi. Nikamshikia. Alipomaliza akasema, "Asante, binti," nami nikageuka nyuma kumtafuta huyo binti. Mara ya pili alipoitwa nilimwambia mwenyewe kwamba kompresa inawaka na kuzima haraka mno, nimeusikia mlio wake. Akanitazama, akaniambia nikichoka na nyumba ile nimfuate karakana. Nilichoka kesho yake, nikiwa na miaka kumi na saba. Kwa miaka kumi alinifundisha kulehemu mabomba, kujaza gesi, kubadilisha mpira wa mlango, na kukaa chini wakati wa kula. Huyo ndiye aliyenilea. Alifariki mwaka mmoja kabla sijafungua karakana yangu.

Kosa nililifanya siku ya ufunguzi. Ukoo wote ulikuja, kwa sababu watu wa kwetu hawakosi ufunguzi, wanakosa tu yale yanayotangulia. Na kwetu mtu hashiki kipaza sauti bila kumshukuru kwanza mkubwa aliyekaa mstari wa mbele, hata kama ameshika kutangaza kwamba kuna gari limeziba lango. Mstari wa mbele alikuwa Shangazi, na kofia mpya. Nikasema, "Namshukuru Shangazi yangu. Bila yeye nisingekuwa hapa nilipo leo." Yalikuwa maneno ya kulainisha koo. Ilikuwa adabu. Sikujua kwamba adabu nayo hurekodiwa.

Basi, kikao kilifanyika Jumapili saa tisa mchana, sebuleni kwa Shangazi. Makochi yalikuwa yale yale yenye vitambaa vya kufuma, na ukutani zilipangwa picha za Meneja: Meneja akihitimu chekechea, Meneja akihitimu shule ya msingi, na kuendelea. Meneja ni mtoto pekee wa Shangazi. Aliitwa hivyo tangu ana miaka mitano kwa kuwa mama yake alikuwa na uhakika. Sasa ana thelathini na minane, yumo chumba kile kile, na mpaka leo hajawahi kusimamia hata watu wawili. Mwenyekiti alikuwa Baba Mkubwa, kaka yao mkubwa, mtu mwema asiyeweza kufungua kinywa bila methali. Alianza na mbili. Zote mnazijua, sizirudii.

Nilikuja nimepanga kunyamaza. Hilo nalikiri mapema, maana nimewasema wengine vya kutosha. Nina wateja, nina nyumba ya vyumba viwili ambayo nikiirudia hakuna anayeniita, na nilikuwa nimejiambia kwamba huenda Shangazi uzee umemlainisha.

Kisha mtoto akaingia na sinia la soda. Sinia lilikuwa pana kuliko yeye. Aligawa bila kumwaga, akarudi kusimama mlangoni, mikono nyuma. Nilimwita nimsalimie, nikamshika mkono, vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kwa maji ya sabuni.

"Umekula, mama?" nikamuuliza.

Kabla ya kujibu alimtazama Shangazi. "Nimeshiba," akasema.

Sikuwa nimemuuliza kama ameshiba. Nilihisi hasira ikinipanda mpaka masikioni.

"Jamani, mimi sina maneno mengi," Shangazi akaanza, halafu akayaleta yote. "Najua mnasema mimi ni mkali. Ndiyo, mkali! Mimi simlei mtoto kama yai. Huyu hapa," akaninyooshea kidole, "nilimpokea ni wa kulia lia tu, kufua leso hajui. Leo mtazameni. Wanaume wazima wanampelekea mafriji yao. Hayo yametoka wapi? Meneja, hebu wawekee ile."

Meneja alihangaika na simu na spika kama dakika mbili, akiilaumu spika. Halafu sauti yangu ikajaa sebule nzima: bila yeye nisingekuwa hapa nilipo leo. Watu wakapiga makofi. Baba Mkubwa akajifuta macho.

"Sasa ushahidi gani mwingine tunautaka?" akasema. "Mwenye kulelewa amesema kwa kinywa chake. Mtoto abaki hapa kwa bibi yake, na yeye siku moja aje atushukuru hivi hivi. Kuna mwenye la kuongeza?"

"Mimi, Baba Mkubwa."

"Ongeza, mwanangu."

"Siongezi. Napunguza. Maneno hayo niliyasema mimi, hayakuwa kweli, na leo nayafuta."

"Utayafutaje na tumeyasikia sasa hivi?" akauliza Meneja, ambaye kwa mara ya kwanza maishani alikuwa na hoja.

Nikamgeukia mama yake. "Shangazi, samahani, nikuulize. Mimi humu ndani nilikuwa nalala wapi?"

"Si jikoni?" akajibu bila kusita. "Karibu na friji. Ndiyo maana ukaijua! Ningekulaza chumbani leo ungekuwa fundi wa nini, wa vitanda?"

Watu wakacheka. Naye alisema kwa moyo mweupe kabisa, na hapo ndipo niliponyong'onyea. Miaka yote nilidhani anajua alichonifanyia na anaficha. Kumbe hafichi kitu. Kwake yeye sakafu ile ilikuwa chuo, na yeye ndiye mwalimu mkuu.

"Na Meneja alikuwa analala wapi?"

"Chumbani kwake. Sasa Meneja alale jikoni kwa lipi? Ana mama yake."

"Kama jikoni ndiko kunakotengeneza watu, Shangazi, mbona mwanao ulimnyima?"

Kicheko kilikatika. Meneja aliinua macho akazitazama picha zake ukutani, moja baada ya nyingine, na kwa sekunde chache nilimhurumia.

Shangazi alipopata sauti ilikuwa imepanda. "Kumbe una kinyongo! Miaka yote hii unakuja unanisalimia, shikamoo Shangazi, kumbe rohoni una kinyongo!"

"Ninacho. Na nimekitunza vizuri," nikasema. "Baba Mkubwa, nisikilizeni. Mimi kila wiki nafungua friji iliyopigwa na umeme mbovu miaka kumi na bado inagandisha. Sijawahi kumsikia mwenye friji akiushukuru umeme. Mimi nilitoka hapa mzima kwa sababu kuna mtu alinifundisha kazi na akaniita binti. Huyo sikumshukuru, kwa kuwa alishafariki na hakuwa mstari wa mbele. Huyu mtoto hana hata wiki nne humu, na akiulizwa kama amekula anatafuta jibu usoni kwa mtu mwingine. Mkimwacha hapa, msije mkasema mimi nilisifia."

Nilikaa. Nilijiona nimesema. Kusema kweli nilijipenda, nilitaka hata Meneja awe amerekodi.

Baba Mkubwa alikuna kidevu. Halafu akaniuliza swali tupu, lisilo na methali.

"Sawa, tumekusikia. Sasa umekuja kutuambia mtoto asikae hapa, au umekuja kumchukua?"

Nilikuwa nimekuja na ulimi mkali na vyumba viwili, na katika hasira zangu zote sikuwa nimefikiria kwamba kimoja kati ya vyumba hivyo kingeweza kulaliwa na mtoto. Nimewacheka watu wa ukoo huu maisha yangu yote, kwamba uhodari wao ni kuongea halafu kazi wanamwachia mwingine. Nami nilikuwa nimekaa pale kwenye kochi, nimeongea, nasubiri mwingine. Damu ilikuwa ya kwao kweli.

"Anaogopa," Shangazi akasema, na alikuwa sahihi. "Hana mume, hana dada wa kazi, kutwa yuko na mabomba. Mtoto atalelewa na nani, na majirani?"

"Namchukua," nikasema.

"Lini?"

"Leo. Na nguo zake."

Zogo lililofuata sitalisimulia, kila mtu alikuwa na ushauri na hakuna aliyekuwa na chumba. Nilipata akili ya kumgeukia mtoto mwenyewe, ambaye mpaka saa hiyo hakuna aliyemuuliza chochote, mimi nikiwemo.

"Utakuja kukaa kwangu?"

Alinitazama mimi. Safari hii macho hayakwenda kwa Shangazi.

"Mama mdogo," akaniuliza, "kwako kuna vyombo vingi?"

Nilimwambia kuna sahani mbili na sufuria tatu, na zote naziosha mwenyewe. Hakuniamini, lakini alikwenda kuchukua mfuko wake. Shangazi alitusindikiza mpaka mlangoni kwa sababu majirani walikuwa wanatazama, akanibusu shavuni, akaniambia taratibu kwamba nitamrudisha ndani ya mwezi.

Ingekuwa vizuri niishie hapo, nikiwa nimeshinda. Wale waandaaji wa mikutano ya wasichana wangeishia hapo, kisha chai. Lakini siku ya nne asubuhi nilikuwa nimechelewa kwa mteja mwenye bucha ambaye nyama yake ilikuwa inaharibika. Nilikuwa natafuta spana na viatu kwa pamoja, na mtoto, ambaye kwa siku zote nne alikuwa akinifuata chumba hadi chumba akiulizia kazi, akabeba chupa ya chai kuniletea. Ikamponyoka. Ikapasuka, chai ikatapakaa sakafu nzima mpaka kwenye begi la vifaa.

"Hivi huna mikono wewe? Hujui kushika kitu?"

Nilisikia maneno yakitoka, na nikaitambua sauti. Siyo yangu. Nilikuwa nimeisikia miaka tisa kutoka upande mwingine, na ilikuwa imekaa mdomoni mwangu muda wote huo imetulia, na mimi nikidhani ni ucheshi wangu, ukali wangu wa kazini, ulimi wangu ambao watu wanausifu. Ulimi niliomdharau nao Shangazi, yeye ndiye aliyenipa. Sijawahi kuona aibu kama ile.

Mtoto hakulia. Alikuwa ameshachuchumaa na ameanza kuokota vigae kwa mikono mitupu, haraka haraka, bila kuniangalia.

"Acha, utajikata." Nikachuchumaa nikamshika vifundo vya mikono. "Nisikilize. Nisamehe. Nimekosea."

Aliniangalia kwa mashaka. "Kwani nani amevunja chupa?"

"Wewe."

"Sasa mbona wewe ndiye unaomba msamaha?"

Simu ya mwenye bucha ilianza kuita, nikaiacha iite. Swali hilo mimi hakuna aliyewahi kunipa nafasi ya kuliuliza. Nikamwambia chupa amevunja yeye, kelele nimepiga mimi, na kila mtu aombe msamaha kwa lake. Alilifikiria hilo kwa makini, akaona ni haki.

"Basi na mimi nisamehe kwa chupa," akasema.

"Nimekusamehe."

"Na mimi nimekusamehe kwa kelele."

Nilimkalisha juu ya meza ili asikanyage vioo, nikafagia. Aliniongoza kutoka kule juu, pale umeacha kimoja, na pale, hapana, nyuma ya mguu wako, na sauti yake ilikuwa inazidi kupanda kwa kila kigae. Nilipomaliza aliutazama ufagio, akanitazama mimi, akasema kwamba ana njaa, na kwamba mkate wa jana hautaki, anataka yai.