Kuvu Ndani ya Chombo cha Thuo

Mwaka ule wa 1979 nyumba zetu za Lindi, Kibera, zilipobomolewa, Thuo wa Kawangware, aliyekuwa landilodi wetu, alisema ana ploti zingine mwezini. Tukapanda chombo chake cha angani, cha mabati. Yeye chumba cha juu, sisi wapangaji chini.

Dunia tulikuwa tumeiacha mbali kuvu ya kijani ilipoanza kumwagika kutoka kwenye bomba la hewa kama unga. Mzee Kiragu alikohoa damu, akafa. Kisha Akeyo wangu, mtoto wa kunyonya, naye akaanza kukohoa.

Kipaza sauti kikakoroma, Thuo huko juu. "Nyinyi watu wa chini! Hiyo ni samaki yenu ya omena imeoza. Nafunga bomba, msinichafulie hewa."

"Ukifunga tutapumua nini?" nikapiga kelele.

"Pumueni polepole, Mama Akeyo."

Akacheka. Haki ya Mungu, alicheka, na bomba likanyamaza.

Oloo, fundi wa kuchomelea, aliingiza mkono bombani akatoa punje za mahindi zilizoota manyoya ya kijani. Mahindi! Sisi wenyewe tulimbebea Thuo magunia yale mpaka chumbani kwake, yakiwa bado na unyevu, eti ataenda kuyauza mwezini.

"Omena gani hii yenye punje?" Oloo akasema.

Nilimfunga Akeyo mgongoni kwa leso, nikapanda ngazi mbele ya wanaume. Mlango wa Thuo ulikuwa wa chuma, komeo ndani. Nikaupiga mateke.

"Mtachoka!" akasema.

Ndipo nikaziona bawaba. Thuo hujenga milango yote namna moja, bawaba nje, ili mpangaji akimuudhi aje aung'oe mlango, watu walale na baridi. Kwa mazoea, hata wake alikuwa ameuweka hivyo hivyo.

"Oloo, lete nyundo na patasi."

"Jameni, mnafanya nini? Hiyo ni mali yangu!"

"Tunakuhamisha, landilodi," Oloo akajibu, akigonga. "Si ndivyo unafanyanga?"

Mlango ukaanguka, hewa ya kwake ikatushukia. Thuo alisimama mbele ya magunia, amejifunga puani taulo yenye maji. Taulo! Kumbe alijua tangu mwanzo.

"Beba," nikamwambia.

"Mama, hiyo ndiyo biashara yangu..."

"Beba!"

Akayabeba yote, akayasukumia kwenye tundu la takataka, yakapotelea gizani. Kisha nikamtwika ndoo ya maji ya sabuni na tambara: asugue bomba lote, kutoka kwake mpaka kwetu, ndipo alifungue tena.

"Nimechoka, mama."

"Sugua."

Akeyo akakohoa, akatafuta titi. Nikamzungusha mbele, nikampa, bila kumwondolea Thuo macho.