Mwaka wa Tatu Bila Ndege wa Matete

Mume wangu ana kiburi kimoja tu duniani: masikio yake. Miaka ishirini na minane anawaongoza watu kwenye njia ya mbao katikati ya kinamasi cha hifadhi, kila Jumamosi ya majira ya machipuko, na hajawahi kuanza na darubini. Anainua mkono, watu wananyamaza, anamtaja ndege kwa kusikia mlio wake tu, ndipo wengine wanamtafuta kwa macho. Mimi hukaa mkiani kuokota kofia na kuwafokea wanaojipiga picha ukingoni.

Sasa huu mwaka wa tatu, tukifika kwenye matete mkono unabaki juu, halafu unashuka. "Hawajarudi," anasema. Anamaanisha ndege wa matete, wale wadogo wa kahawia wanaotoka mbali kuja kutaga pale. Wageni, wasiojua sauti hii wala ile, wanasikitika naye. Jioni anaandika kwenye daftari la hifadhi: hakuna. Halafu hali chakula.

Nami nawasikia! Wanalia mpaka wanakera, sauti nyembamba kama baiskeli isiyotiwa grisi. Nilishajua tatizo ni nini, maana nyumbani birika la filimbi hulia mpaka maji yakauke, naye yuko pembeni anasoma gazeti; maneno yetu anayasikia, sauti nyembamba ndizo zinazompotea. Lakini utamwambiaje fundi kwamba mkono wake umekufa? Nikafumba mdomo, mimi nisiyejua kuufumba.

Jumamosi hii, akifunga kamba za viatu, akasema, "Mama watoto, leo ndio mwisho. Siwezi kuwatembeza watu makaburini."

Lo! Nikaona nikinyamaza tena nitamzika mzima mzima.

Tukafika kwenye matete. Mkono ukapanda, watu kumi na mmoja kimya. Ndege wakaanza, wawili, pengine watatu. Mwalimu mmoja mstaafu, anayewajua ndege kidogo, akataka kusema kitu. Nikamkata jicho, akanywea. Mkono ukashuka.

"Hawaja..."

"Baba watoto, hebu acha!" Nikapita katikati ya watu nikiwakanyaga vidole. Nikamshika kidevu mbele za wageni, jambo ambalo sijawahi kulifanya, nikamgeuza. "Tazama lile tete lililoinama."

Akaweka darubini machoni. Ndege alikuwa amening'inia pale, koo limetuna, mdomo unafunguka na kujifunga, unafunguka na kujifunga.

"Anaimba?" akanong'ona.

"Anaimba. Tangu mwaka juzi anaimba. Wewe ndiye humsikii, mume wangu." Nilikuwa nalia, na hasira nazo zimenipanda, sijui nilimkasirikia nani.

Nilingoja avunjike. Akashusha darubini, machozi yanamtiririka, naye anacheka. "Kumbe ni mimi," akasema. "Kumbe ni mimi tu niliyeharibika! Afadhali, mke wangu, afadhali sana. Nilidhani wao ndio wamekwisha." Akawageukia wageni, "Jamani, wapo! Wapo!" na wale watu waliokuwa wakiwasikia muda wote wakampigia makofi.

Kisha akaniinamia. "Haya, nambie. Anasemaje?"

Sauti yangu ni nzito. Hata watoto wetu sikuwaimbia, walikuwa wakishtuka. Nikaweka mdomo sikioni mwake, na mbele ya watu kumi na mmoja nikamlilia kama ndege, polepole, mpaka akaitikia kwa kichwa kwamba amesikia.