Kelele ya Milango Miwili

...na siku hizi hata kupumzika mtu anafundishwa, tumelala chini kwenye mikeka katika ukumbi wa parokia kama watu wa msibani na wala hakuna aliyekufa, mama wazima, viatu tumeviacha mlangoni, na Tatiana anapita katikati yetu na bakuli lake la shaba, analigonga kwa kijiti, ngooo, eti sauti hii inaosha moyo, alijifunza huko Afrika Kusini, “Bamama, mufunge macho, mupumue polepole, muache sauti iingie mu mwili,” haya, nimefumba, simkatalii kitu huyu, mimi ndiye niliyemsimamia ubatizo, ndiyo maana mimi na mama yake tunaitana komere, na mama yake huyu hapa mkeka wa pili, Odile, jirani yangu wa ukuta mmoja, kampuni ya migodi ya shaba ilijenga kambi yetu nyumba mbilimbili chini ya bati moja, akikohoa yeye naamka mimi... ngooo... shaba ilitulisha, ikatufukuza, leo inatubembeleza, sauti inakuja, inapita juu yangu na vidole vinashika ukingo wa mkeka, mbona vinashika, pumua Bilonda, ni bakuli tu... si bakuli, ni sufuria, ni mchana ule wa mwaka wa tisini na tatu, vijana wanashuka barabarani wanaimba Wakasai warudi kwao, yaani sisi wenye asili ya mkoa wa Kasai, kwao wapi, mume wangu Ntambwe alizaliwa hapahapa Kolwezi, Kasai aliijua kwa kusimuliwa, na amri ilikuwa kila mwenyeji agonge sufuria mbele ya mlango wake, mlango wenye kelele unarukwa, mlango ulio kimya unavunjwa, Odile, yeye mwenyeji, akaja na sufuria na mwiko, “Usiogope, komere, mi nitasimama hapa katikati, kelele itatosha milango yote mbili,” nikamwamini, kwa nini nisimwamini, tumekula bukari, ugali wetu, sahani moja, tukajifungia ndani na watoto, Ntambwe kanishika mkono, tunasikiliza sufuria ya Odile, mbili za haraka na moja nzito, kang-kang, kang, karibu kabisa, kama anagongea chumbani kwetu... halafu mlango wetu ukaanguka. Niliporudi nyumba ileile miaka mingi baadaye nilikuwa mjane, homa aliyoipata stesheni tukingojea treni ya kutupeleka Kasai ilimmaliza Ntambwe njiani, tulimzika Lubudi, kando ya reli, hiyo Kasai yenyewe hakuiona, na Odile alinikumbatia akalia machozi ya kweli, “Balininyanganya nyungu mu mikono, komere, ningefanya nini sasa?” nikalia naye, maskini Odile na sufuria yake, ningemlaumu vipi, watoto wangu nimewakuza kwa hadithi hiyo, mpelekeeni mama Odile samaki, yule alitupigania... “Sasa musikilize vile inaenda,” anasema Tatiana, amefika mkeka wa mwisho kule dirishani, na bakuli bado linalia, limekuwa dogo, la mbali, lakini linalia, ngooo, na mwili wote unanisisimka kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, hivihivi, sufuria haikunyamaza, mlango ukipigwa mateke ilikuwa inalia, Ntambwe akiburutwa kwa ukosi wa shati ilikuwa inalia, ndogo, pembeni, nikadhani ni hofu imenijaa masikioni, lakini mbili za haraka na moja nzito, mkono uleule, mwiko uleule, hakuna aliyemnyang'anya kitu, Odile alisogea, aliondoka pale katikati akasimama mbele ya mlango wake peke yake na akagonga kwa nguvu zake zote ili ajulikane... ee Odile, kuogopa ningekuelewa, ulikuwa na mtoto mgongoni, nani hakuogopa mchana ule, lakini umekaa miaka yote hii unakula samaki wangu na kuniangalia nikikuonea huruma, mimi, nikikupangusa machozi mimi, hilo linaniuma kuliko mlango... “Komere, unalala?” ananong'ona, na mkono wake unautafuta wangu juu ya mkeka, unaupata, una joto, “Inapumzisha, eh?” na Tatiana anatuona, anatabasamu, mtoto hana kosa, nauacha mkono wangu ndani ya mkono wa mama yake, sifumbui macho, “Inapumzisha, komere,” namjibu, na ndiyo mara yangu ya kwanza kumdanganya.