Daraja la Bure

Haya alinihadithia mke wa mwanangu msimu wa mvua uliopita, tukichambua maharage. Yalimpata dada yake, mkadiriaji wa gharama za ujenzi serikalini.

Palikuwa na daraja la kujengwa kwa ubia. Kampuni itoe fedha, ijenge, kisha itoze magari kwa miaka thelathini. Wakubwa wakaliita daraja la bure. Lakini dada mtu alikiona kifungu kimoja cha mkataba: magari yakiwa machache, serikali itailipa kampuni pengo. Na pengo hilo halikutiwa kwenye hesabu.

Ofisini kwao wana desturi yao. Mwenyekiti hugonga meza, atakayenyamaza amekubali. Mkadiriaji aliyekuwapo kabla ya dada mtu hakunyamaza. Sasa anahesabu misumari kwenye bohari la mbali, na mkewe hajui atarudi lini.

Asubuhi ya kikao, gari jeusi lilikuwa limesimama mbele ya lango la dada mtu, vioo juu.

"Labda wanauza maziwa," mumewe, fundi rangi, alisema.

"Muuza maziwa hakai kimya, baba watoto."

Kikaoni mkurugenzi, ndiye mwenyekiti, alimtazama akitabasamu. "Mama, uchaguzi uko mlangoni. Watu wanataka utepe ukatwe. Au wewe hupendi daraja?"

Wenzake wakacheka.

Meza ikagongwa.

Akasukuma kiti nyuma, kikalia sakafuni, wote wakageuka.

"Sijanyamaza," akasema. "Pengo lile ni gharama. Litiwe kwenye mizani kwanza. Kama daraja bado litakuwa nafuu, utepe nitaushika mimi."

Tabasamu la mkurugenzi likayeyuka. "Kikao kimeahirishwa hadi kesho." Kisha, polepole: "Nyumbani huwa unapita njia gani, mama?"

Alipita njia nyingine. Gari jeusi lilikuwa limeshafika langoni.

Mumewe akasukuma kabati mlangoni, akakalia ndoo ya rangi, nyundo mapajani. "Lala, mke wangu. Leo hapiti hata mbu."

Jua halijazama, mlinzi huyo anakoroma!

Mkewe akaichukua nyundo, akajilaza mkekani miguuni pake. Nje injini ilinguruma, ikazimika. Akasubiri mlango wa gari ufunguliwe. Haukufunguliwa. Akamshika mumewe kifundo cha mguu, akamwomba Mungu amfikishe kikaoni kesho, na usingizi ukamchukua hivyo hivyo, nyundo mkononi.