Mpigie Kwanza

Mama yangu ni fundi cherehani, na ulimi wake una makali kuliko mkasi wake. Matapeli waliwahi kumwingiza mjini kwa ukurasa uliofanana na wa benki yake kama pacha, akakaa wiki nzima hataki kuongea na mtu. Mimi kutwa niko kwenye simu za huduma kwa wateja, nawafundisha watu kutambua tovuti bandia, halafu mama yangu mwenyewe analiwa! Nikamkalisha chini.

"Nembo na rangi mtu yeyote anaiga, mama. Ukitumiwa linki, usifungue. Mpigie kwanza aliyeituma, usikie sauti yake. Akisema hawezi kuongea, au ana haraka, huyo mwizi. Mkatie simu."

"Nitamkatia nikishampa vidonge vyake."

Wakati huo kaka yangu alikuwa amelazwa nchi ya mbali ambako hatukuwa na uwezo wa kufika. Ugonjwa wa koo ulikuwa unammaliza. Alikuwa akitupigia jioni, sauti inazidi kukwaruza, na mama alikuwa na ombi moja tu: amwone uso, hata kwenye kioo cha simu, kabla Mungu hajamchukua. Kaka akawa anakataa. Hakutaka mama aone alivyokonda.

Siku moja mama alinipigia kazini, kicheko hakimwishi.

"Mwanangu, nimemnasa mmoja! Kaniandikia kwa namba nisiyoijua, eti ni kaka yako. 'Mama, leo siwezi kuongea. Fungua hapa tuonane, upesi.' Nikapiga. Ikapokelewa, kimya! Namsikia anahema tu. Nikamwambia, mwizi mkubwa we, unatumia jina la mwanangu mgonjwa, ufe wewe badala yake! Nikakata, namba yake nikaifungia."

"Safi sana, mama!" nilimwambia. Nikawasimulia wenzangu ofisini, wakapiga makofi.

Jioni nilipita kwake, nikamwomba simu ili nipeleke ule ujumbe kwa wanaoshughulikia matapeli. Nikaisoma anwani ya ile linki kwa mazoea, nikitafuta jina lililokaa kabla ya mshazari wa kwanza, kile kimstari kilicholala upande, maana hapo ndipo mwenye tovuti hujulikana. Lilikuwa la hospitali ya kaka. Nikafungua picha ya kadi yake ya hospitali, yenye anwani ya tovuti yao, aliyotutumia alipolazwa, nikalinganisha herufi kwa herufi. Hakuna hata moja iliyopishana. Nikatoka uani, nikapiga namba iliyokuwa kwenye kadi.

Nesi aliyepokea ndiye aliyekuwa akimhudumia kaka. Asubuhi ile walikuwa wamemtoboa koo ili aweze kupumua, na sauti ikaishia hapo. Ndipo akakubali mama amwone, akaazima simu ya nesi, akatuma linki ya hospitali ya kuonana na wagonjwa kwa video. Mama alipopiga, kaka alipokea mwenyewe. Nesi alimkuta ameibana simu kifuani, machozi yanamtoka. Nesi mwenyewe akajaribu kumpigia mama, ikawa haipiti. Kaka alifariki alasiri.

Wezi nawachukia kwa mengi, lakini hili sitawasamehe. Wameyachafua maneno yote, hadi mtu anayekufa akimwita mama yake anasikika kama wao.

Nilirudi ndani, nikamwambia mama kwamba kaka ametutoka. Alilia mpaka nguvu zikamwishia, akakaa sakafuni kando ya cherehani.

"Ameondoka bila hata kunitafuta," alisema. "Nilimkosea nini mwanangu?"

Ningenyamaza, angeingia kaburini akiamini mwanawe hakumtaka. Ningesema, angeingia na lile tusi. Nikashindwa kumwacha na ule uongo.

"Alikutafuta, mama."

"Lini?"

Macho yangu yakashuka kwenye simu. Alinitazama, kisha akaitazama simu yake iliyokuwa bado mkononi mwangu.

"Nilimsikia anahema," alisema. "Nimemzaa mwenyewe, na pumzi yake sikuijua."