Aliyeshona Hakagui

Mimi sina makuu, ila kosa likipita mbele ya macho yangu huwa nawashwa. Ndiyo maana katika karakana yetu ya sare kazi yangu ni kukagua. Shemeji anakata vitambaa, dada yangu anashona, mimi nageuza nguo ndani nje nikitafuta uzi uliolegea na kifungo kilichokaa upande. Sheria yetu ni moja: aliyeshona hakagui. Nguo mbaya naitupa kwenye meza ya dirishani bila neno. Nzuri nampa shemeji mkononi, naye anaitia kwenye mfuko wa mteja na kuufunga bila hata kuitazama, maana iliyotoka mkononi mwangu imepita.

Sasa shemeji huyo, Mungu amweke, mkasi anaujua, lakini barua pepe anaandika kama mtu anayefukuzwa na mbwa. Nukta hana habari nazo. Jina la mteja leo hivi, kesho vile. Nikimsema ananijibu, "Shemeji, mtu ananunua suruali, hanunui nukta."

"Suruali hajaiona," namwambia. "Ameona barua. Umeshindwa kunyoosha sentensi, pindo atakuamini vipi?"

Anacheka. Siku zote anacheka, na dada anacheka naye, maana wawili hao ni chanda na pete.

Mwezi ule hatukucheka sana. Kazi zilikuwa zimekauka, na shemeji alikuwa ameitwa kwenye kiwanda cha nguo mji wa mbali. Akienda, dada angemfuata, na mimi ningebaki na cherehani na redio. Tumaini letu lilikuwa hoteli moja kubwa iliyotaka sare za wafanyakazi wake wote. Meneja wake, mama mmoja tuliyemjua kwa barua tu, alikuwa anachagua fundi wiki hiyo. Sikutaka dada yangu aondoke. Nasema wazi, wazo hilo nilikuwa nalala nalo na kuamka nalo.

Kwa hiyo shemeji alipoandika barua ya kuomba kazi, nikamwambia anitumie mimi kwanza. Akatuma. Jamani. Nikakaa na kompyuta, nikampa vidonge vyake kwa maandishi mekundu katikati ya barua yake. "Jina la huyu mama linaanza na herufi kubwa, si mbuzi wako." "Sentensi hii haina kichwa wala miguu, ikate, si una mkasi?" Pale alipojisifu kwamba hatujawahi kuchelewesha kazi, nikaweka: "Shemeji, usidanganye watu. Makoti ya walinzi yalichelewa kwa sababu niliyarudisha yote, mikono ilikuwa imepinda. Sema ukweli." Kisha nikampa kompyuta mkononi arekebishe.

Baadaye nikamkuta anapiga mluzi. "Nimeshatuma hotelini," akasema.

"Umerekebisha haraka hivyo?"

"Kurekebisha nini? Si imetoka kwako?"

Nikakaa juu ya robota la kitambaa. Barua ilikuwa imekwenda na mbuzi wake. Nilimwita shemeji majina ambayo dada amenikataza kuyarudia. Yeye akasimama pale na mkasi wake, akasema polepole, "Lakini ulinipa mkononi." Hasira ikaniishia hapo hapo, kwa sababu ndivyo tulivyofanya kazi miaka yote. Dada alianza kukunja vitambaa vyake na kuvipanga sandukuni, nami nikajua anafungasha.

Jibu lilikuja asubuhi yake. Dada alilisoma kwa sauti, mimi nimejifunika uso.

"Nimepokea barua nyingi za mafundi wasiokosea," meneja aliandika. "Yenu ndiyo pekee niliyoona inakaguliwa. Nawapa kazi, mradi huyo wa maandishi mekundu ndiye atakayekagua sare zangu. Nijibuni leo kama mnakubali, maana fundi mwingine anasubiri."

Shemeji akanyoosha mkono kwenye kompyuta. Nikamsukuma kwa kiuno. "Kaa mbali. Hii naandika mwenyewe."

Nikaandika huku machozi yananitoka, lakini kila nukta ilikaa mahali pake. Nilimsalimu mama yule kwa jina lake kamili, nikamshukuru, nikamweleza tunavyokagua mishono, nikamtakia afya njema. Nikaisoma mara ya pili na kuridhika kabisa. Kidole kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe cha kutuma.

"Shemeji," akasema yule mkata vitambaa, "aliyeshona hakagui."

Nilitaka kumcheka. Nikampisha tu, kwa heshima ya sheria. Akasoma taratibu huku midomo ikitembea, akarudia tangu mwanzo. Akaandika kitu kwa herufi nyekundu chini ya jina langu, akaibeba kompyuta, akaiweka kwenye meza ya dirishani bila neno.

Nikaenda kusoma. "Nzuri sana, shemeji. Haina kosa hata moja. Ila hujasema kama tunakubali."

"Nyani haoni kundule," dada akasema, akainama kufungua sanduku na kuanza kutoa vitambaa vyake kimoja kimoja.

Nikaongeza neno moja: tunakubali. Shemeji akalikagua, kisha akanipa kompyuta mkononi.